Dada Mmoja Kipenzi

Jumatano, 3 Oktoba 2018

Wamemchukua Kamiyah!

Shuleni, saa saba mchana, katikati ya kuchora. Mtoto wa miaka sita. Hata sweta hakupewa muda wa kuvaa. Bi Earlene anayemlea kaenda kumpokea saa tisa kama kila siku, kasimama getini na mwavuli wake — watoto wakatoka, wakaisha, mlango ukafungwa. Ndipo mwalimu akamfuata kumwambia. Kanipigia simu palepale kwenye mvua. Hakulia. Kauliza tu, nimekosa nini, Vernetta mwanangu, ni ile taa ya jikoni? Niliwaambia wakaguzi fundi anakuja wiki hii.

Taa ya jikoni! Mtu mzima wa miaka sabini na miwili anadhani mtoto kachukuliwa kwa ajili ya taa.

Nimempigia afisa wa watoto, yule mpya, Haldorsen. Binti wa Kizungu, sauti laini kama anaongea na mgonjwa. Anasema taarifa yetu ya ukoo ina kasoro. Wameomba vyeti vya kuzaliwa, cha Bi Earlene na cha marehemu Dorothea, bibi yake mtoto. Mama si mmoja. Baba si mmoja. Basi Bi Earlene si dada wa Dorothea, basi si ndugu wa mtoto, basi tamko ni la uongo. Basi, basi, basi.

Nikauliza mtoto yuko wapi. Eti leo hawezi kusema.

Aliyeandika taarifa ile ni mimi. Aliyesaini ni mimi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Chakula hakipiti. Delphine wa mapokezi kaniangalia akasema bosi, ukianguka hapa mimi sikubebi, mgongo wangu mbovu. Kaniwekea chai mezani. Imepoa palepale.

Alhamisi ni siku ya mabibi hapa Nyumba ya Mama Tolliver. Wanakuja kumi, kumi na wawili, wote wanalea wajukuu ambao mama zao wako jela, au wamezama kwenye unga, au wamekufa. Tawanna, mama yake Kamiyah, naye yuko jela, hatoki mpaka mwaka 2022. Mabibi wanakunywa kahawa, wanalia kidogo, wanacheka sana, wanafundishana namna ya kuongea na hakimu. Kazi yetu yote ndiyo hiyo ukiiangalia vizuri — familia nyeusi isisimame peke yake mbele ya wale watu. Na mtoto akiondolewa kwao, sisi ndio tunaoiandikia Idara ya Watoto nani ni nani wake, ili aende kwa watu wake, asitupwe kwa wageni. Tulipigania haki hiyo miaka saba. Walitupatia kwa sababu tuliwaambia sisi tunajuana. Nyinyi hamtujui, sisi tunajuana!

Ndiyo. Tunajuana.

Bi Earlene kaja! Nilidhani hatakuja. Kaja na mkate wake wa mahindi umefungwa kwenye taulo, kaketi kiti chake. Hakuna aliyejua aseme nini. Mwishowe wakamwuliza. Kawaambia ni taa ya jikoni. Loh, chumba kikalipuka — kwa taa tu! hawa watu hawana haya! mimi kwangu bomba linavuja mwaka wa pili! Bi Willa Mae kasema kijana wake ni fundi umeme, atakwenda leo hii hii, na asipokwenda atakiona.

Mimi nimesimama mlangoni nasikia yote. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nikarudi ofisini nikajitia natafuta faili.

Jumapili, 7 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Mchungaji Applewhite kahubiri saa nzima na nusu, ukiniuliza kahubiri nini sijui.

Nimerudi nikatoa kijitabu cha mazishi ya Dorothea. Ninavyo droo nzima, vya watu wangu wote waliotangulia. Hakuna nyumba yetu huku Portland isiyo na droo ya namna hiyo. Picha yake mbele, kofia imekaa upande, anacheka. Ukurasa wa pili: ameacha binti mmoja, Tawanna, mjukuu mmoja, Kamiyah, na dada mmoja kipenzi, Earlene.

Hicho ndicho nilichoambatisha kwenye taarifa kuwa ushahidi wa udugu. Kijitabu cha mazishi! Haldorsen kaniuliza kwa adabu, hii ni hati ya aina gani? Kwetu hakuna hati kubwa kuliko hiyo. Familia inakaa mezani inagombana jina kwa jina, nani aingie, nani aachwe, kisha kanisa zima linasoma na hakuna anayebisha. Ukiandikwa pale, umeandikwa. Ile mihuri yao ndiyo ya kutiliwa shaka — mihuri hiyo hiyo imewahi kumwandika babu wa babu yangu kuwa mali ya mtu.

Maneno mazuri. Nimeyasema mikutanoni mara nyingi, watu wakapiga makofi. Lakini leo hayanisaidii, kwa sababu nilijua.

Kila mtu wa rika la mama yangu alijua. Mji wa Vanport ulipozama mwaka arobaini na nane, watu weusi waliokuwa wamejazwa kule bondeni walikimbia na walichoshika. Mama yake Dorothea alimshika mwanawe mkono mmoja, na mkono mwingine akamwokota mtoto wa jirani, wa miaka miwili, aliyekuwa amesimama juu ya meza analia. Mama wa yule mtoto hakuonekana tena. Huyo mtoto ndiye Bi Earlene. Hakuna karatasi, hakuna mahakama. Kalala kitanda kimoja na Dorothea, kavaa magauni yaliyombana Dorothea, kazeeka na Dorothea nyumba moja mpaka siku ya kumfumba macho. Nani angeuliza damu?

Fomu iliuliza. Ina visanduku vitatu. Damu. Ndoa. Na cha tatu: mtu wa karibu, asiye ndugu. Cha tatu kingetosha! Sheria inakiruhusu. Ila kina ukaguzi wa wiki sita, na wiki hizo sita Kamiyah angekaa kwa wageni. Halafu kuandika "asiye ndugu" mbele ya jina la Bi Earlene — mkono ulikataa kabisa. Nikatia alama kwenye damu. Hata sikusita.

La. Nilisita. Kwa nini nijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe? Nilisita, nikaangalia kile kisanduku cha tatu, nikakiona kinatutukana, nikatia alama kwenye cha kwanza.

Nilikimbia wiki sita. Sasa hatujui ni miaka mingapi.

Jumatano, 10 Oktoba

Baker City. Mwendo wa saa tano kwa gari, ng'ambo ya milima. Walezi wanaitwa Hagen. Wana farasi. Haldorsen kaniambia habari ya farasi kwa furaha, kama ananipa zawadi.

Nikamwuliza, huko kuna watu weusi wangapi? Kasema anaelewa uchungu wangu. Anaelewa nini! Lakini si mtu mbaya yule binti. Ningependa awe mbaya. Ningepata pa kutupia hasira, nipumzike.

Ijumaa, 12 Oktoba

Bi Earlene kapiga simu. Taa imetengenezwa, inawaka jiko zima. Waambie waje waone, kasema. Au nipake na rangi kwanza?

Nimesema nitawaambia.

Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumanne, 16 Oktoba

Mchungaji Applewhite kaja na wakili. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa bodi yetu. Delphine kaniambia kwa macho tu kwamba nijiandae.

Wakili kazungumza kama anasoma. Mahakama itakaa mwezi ujao, tarehe kumi na nne, kuamua habari ya Kamiyah. Hakimu atataka kujua uongo ni wa nani. Kama mkurugenzi wa Nyumba ya Mama Tolliver alijua na akaandika, Idara inatunyang'anya haki ya kuandika taarifa za ukoo, na zote tulizokwisha kuandika zinafunguliwa upya. Zote! Watoto arobaini na mmoja walioko kwa bibi zao, shangazi zao, binamu zao. Kila mmoja atadaiwa vyeti. Na kati ya hao, Bi Vernetta, wangapi wana ndugu wa damu mwenye karatasi?

Nawajua mmoja mmoja. Yule aliyelelewa na jirani. Yule ambaye "shangazi" yake ni rafiki wa mama yake tangu darasa la tatu. Tunaishi hivyo, tumeishi hivyo tangu walipokuwa wanatuuza huyu kusini huyu kaskazini. Anayekushika ndiye ndugu yako.

Lakini kama mkurugenzi hakujua, kasema wakili, kama alidanganywa, basi ni kosa la mtu mmoja. Linaishia hapo.

Alidanganywa na nani? nikauliza. Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka walitoe kwa midomo yao.

Mchungaji kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Earlene ni mzee, kasema. Hakuna hakimu atakayemfunga. Atakaripiwa, basi.

Na Kamiyah?

Hapo ikabidi wakili aseme. Aliyeidanganya Idara haruhusiwi kuomba mtoto tena. Kamwe. Akitoka msafi, anaweza kuomba upya kwa kisanduku cha tatu, na pengine Krismasi mtoto atakuwa nyumbani.

Basi ndiyo hesabu yenyewe. Nikisema ukweli, Bi Earlene anampata Kamiyah, na watoto arobaini na mmoja wanaanza kusakwa. Nikinyamaza, arobaini na mmoja wanalala kwao, na Kamiyah anakua na farasi.

Nimewafukuza. Nimemwambia mchungaji, wewe ndiye uliyemzika Dorothea, wewe ndiye uliyesoma "dada mmoja kipenzi" kwa sauti yako pale mbele, ukatoa na kitambaa ukafuta machozi! Kasema anajua. Kasema ndiyo maana anakuja kuniomba, hakuja kuniamuru.

Walipotoka nilihisi kitu ninachoona haya kukiandika. Nafuu. Kwamba kuna mlango wa kutokea na si mimi niliyeufungua.

Ijumaa, 19 Oktoba

Dakika kumi za simu na Kamiyah, ofisini kwetu, afisa anasikiliza.

Bi Earlene kafika saa nzima kabla. Kapaka rangi ya mdomo. Kwa simu! Delphine kaona, katoka nje, kajifanya anakwenda kutupa taka.

Mtoto kaongea mbiombio na Nana, ndivyo anavyomwita Bi Earlene. Nana, farasi anaitwa Biscuit. Nana, huku hakuna mvua. Nana, wananiita Kami, wanasema ni rahisi. Halafu kaanza kupunguza mwendo, kama kichezeo kinachoishiwa betri. Nana, unajua niko wapi?

Najua, mwanangu.

Basi njoo.

Bi Earlene kafumba macho. Kamwambia nasubiri waje waone taa, mpenzi, imeshatengenezwa, sasa inawaka vizuri.

Mtoto kasema, kwani ilikuwa mbaya? Si ilikuwa inapepesa tu?

Nikatoka. Nimejifungia chooni nikalia kama mwehu, bomba limefunguliwa nisisikike.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mabibi wameniletea sahani. Sukuma wiki na nyama ya bata mzinga, viazi vitamu. Eti nakonda. Bi Willa Mae kasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Mjukuu wake Deshawn ni mmoja wa wale arobaini na mmoja. Deshawn si damu yake. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni damu yake.

Kasema Mungu akuweke, Vernetta, sijui tungekuwa wapi.

Nimetapika chote.

Ijumaa, 2 Novemba

Simu ya Kamiyah. Wametuma na picha. Kasimama karibu na farasi, anatabasamu kwa meno tu. Nywele zimefungwa fundo moja juu, kavu, zina nyasi. Mama Hagen kaandika chini kwamba wanajitahidi, wanaangalia video. Nimesoma maneno hayo mara tano nitafute dharau ndani yake. Hamna. Wanajitahidi kweli.

Bi Earlene kaangalia picha kwa muda mrefu. Kasema amerefuka.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimemwambia.

Nilikwenda kwake mchana baada ya kikao cha mabibi. Jiko limepakwa rangi ya manjano, kapanda ngazi mwenyewe na umri ule. Linanuka dawa ya kusafishia mpaka machozi yanakutoka. Sakafuni ungeweza kulia chakula. Kaniambia kaa, nikakataa, nikasema nikikaa sitasema.

Nikasema yote. Fomu, visanduku, damu, nilivyosita. Nikasema si taa, Bi Earlene. Haijawahi kuwa taa.

Alikuwa anasugua sufuria. Kaendelea kusugua.

Si taa, kasema.

Si taa.

Wiki tano nasugua jiko hili, Vernetta.

Nikaanza habari ya damu, nikasema sikutaka kukuandika kama mtu baki, nilishindwa — kanikata. Mtu baki! Unadhani sijui? Kasema mama yao alimwambia akiwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo hiyo akamfuata Dorothea uani akamwambia mimi si dada yako. Dorothea akamzaba kofi. Akamwambia sema tena uone. Hakusema tena. Hapo kacheka kidogo, kicheko cha kukohoa, mikono bado iko kwenye povu.

Kisha kaniuliza. Ungetia alama kile cha tatu, mtoto angekuwa hapa?

Baada ya wiki sita. Ndiyo.

Basi ungetia. Mimi ningekasirika. Ningenuna mwezi mzima, nisingekupa hata mkate. Lakini ningenuna mtoto yuko hapa.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Afadhali angenipiga na ile sufuria.

Nikamwambia nitasema ukweli mahakamani, tarehe kumi na nne. Nikamwambia ataomba upya, atampata. Kafuta mikono, kaniuliza, na wewe? Na Nyumba? Sikutaka kumwambia. Lakini nimechoka kumficha. Nikamwambia habari ya wale arobaini na mmoja.

Wa akina nani hao? kauliza.

Nikataja. Wengi wao ni wajukuu wa mabibi wa Alhamisi. Kila jina nililotaja alitikisa kichwa kidogo, kama anaitikia salamu.

Kasema nenda zako sasa, nina kazi. Jiko linametameta, kazi gani!

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeandika nitakayosema. Kurasa mbili. Nimemwambia mchungaji kwa simu. Kasema atasali. Nikamwambia asali kwa sauti kubwa basi.

Nimemwambia na Delphine. Nilidhani atalia. Kavuta kiti kwenye kabati, kaanza kutoa yale mafaili, moja moja, kayapanga sakafuni. Nikamwuliza unafanya nini? Kasema bosi, nataka kujua tunaanza kumwomba nani radhi.

Yamejaa sakafu nzima. Nimepita katikati kwa ncha za vidole.

Jumanne, 13 Novemba

Naogopa. Miaka kumi na tisa nawafundisha watu wasiogope wale watu.

Sijui kama ninafanya haki au ninajitakasa tu. Kama nilitaka haki ningesema tarehe tatu Oktoba. Sasa Deshawn atalipa. Hata mbele ya Mungu sijui nitasimama upande gani.

Bi Earlene hapokei simu yangu.

Jumatano, 14 Novemba

Naandika koridoni mahakamani. Wametupa dakika kumi na tano. Nisipoandika nitapiga kelele.

Bi Earlene ndiye aliyeitwa kwanza. Hakimu, mama mmoja mchovu, kamwuliza swali dogo la kuanzia: wewe na marehemu mlikuwa na uhusiano gani? Ilitosha aseme tulilelewa pamoja. Basi tu! Mengine yalikuwa yangu.

Kasimama. Hakuambiwa asimame, kasimama. Kasema, mimi ndiye niliyemwambia Vernetta aandike damu. Nilimwangalia usoni nikamwambia Dorothea ni dada yangu, tumbo moja. Huyu hakujua kitu. Niliogopa wataninyima mtoto, nikadanganya.

Sauti kavu, haina hata mtikisiko. Sijawahi kumsikia Bi Earlene akisema uongo, hata wa mzaha. Huu kautoa kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa.

Haldorsen kaacha kuandika. Mchungaji kwenye benchi la nyuma kainamisha kichwa mpaka nikaona utosi. Sijui kama alimwendea Bi Earlene kumwomba. Sidhani hata kama alihitaji kumwendea. Majina alinisikia mimi nikiyataja, jikoni kwake.

Hakimu kanigeukia. Mkurugenzi, ni kweli?

Zile kurasa mbili zilikuwa mkononi. Nikafungua mdomo. Nikamwona Bi Earlene hanitazami, katazama mbele. Nikasema naomba maji.

Maji! Ndilo neno nililopata!

Hakimu kasema basi tupumzike.

Nimemfuata hapa kwenye benchi. Nimemwambia nikirudi ndani nasema yote, Bi Earlene, siwezi kukuacha hivi. Kasema ukisema hivyo mimi nitakuwa mwongo na wewe mwongo, halafu atakayekuja baada yetu nani atamsikiliza? Nikamwambia utampoteza Kamiyah. Kasema yule mtoto anakula, analala, ana watu wanajitahidi. Deshawn hana mtu mwingine. Hata sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha kasema kaa chini, Vernetta. Kama alivyokuwa akiniambia kanisani nikiwa na miaka saba.

Nimekaa.

Mungu anisamehe, nimekaa.

Kaniomba karatasi. Nimemchania ukurasa wa daftari hili, na kalamu nimempa, mimi natumia penseli. Anamwandikia yule mama wa Baker City. Kaweka ukurasa juu ya mkoba, anaandika herufi kubwa za shule za zamani, polepole. Nimechungulia. Kaandika: Akisema ameshiba, mwongezee kidogo, huwa anaona haya kuomba. Kaandika: Akikohoa ni kifua cha upande wa mama yake, mpake mafuta mgongoni si mbele. Kaandika: Hapendi viatu vipya, mwache avae vya zamani ndani ya nyumba mpaka avizoee vile vingine. Kaandika: Anaongea usingizini. Usimwamshe.

Karani katoka. Kaita jina langu.

Kaita tena.

Bi Earlene hajainua kichwa. Ukurasa umejaa mpaka pembeni, kaugeuza, upande wa pili nao umejaa. Ananyoosha mkono. Anataka mwingine.